Motoka ya Redio Mudaka: Kumchagua Mtengenezaji, Kuagiza na Kutunza

Motoka ndogo za kuendeshwa kwa redio ni za aina mbili, na kwa jicho la haraka tofauti yake haionekani. Zile zinazouzwa masokoni Kadutu au Nyawera mjini Bukavu, ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki, ni za kuchezea tu. Saketi moja imebeba kila kitu: kipokezi cha redio, kidhibiti cha mota na usukani. Gia zimezibwa ndani ya plastiki isiyofunguka. Kikiungua kimoja, motoka nzima imekwisha. Aina ya pili hutengenezwa na kampuni zinazouza motoka na pia kila kipande chake peke yake, kuanzia skrubu hadi chasisi, na kila kipande kina namba yake katika katalogi. Hiyo ndiyo inayozungumziwa hapa.

Kwa mtu wa Mudaka, kituo cha biashara kilichoko teritware ya Kabare kwenye barabara ya Bukavu kwenda Kavumu, mtengenezaji hupimwa kwanza kwa spea zake. Mwendo unakuja baadaye sana. Motoka inayokimbia kilomita 100 kwa saa lakini inasubiri mkono mmoja wa gurudumu kwa miezi mitatu ni pambo la kabati. Kwa hiyo swali la kwanza ni vipande vinavyovunjika mara nyingi vinapatikana wapi, na la pili ni vingapi kati ya hivyo vinaweza kutengenezwa au kubadilishwa na fundi wa karibu.

Watengenezaji na wanachouza

Tamiya ni kampuni ya Shizuoka, Japani. Ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikahamia kwenye vielelezo vidogo vya magari, meli na ndege, na mwaka 1976 ikatoa motoka yake ya kwanza ya redio, mfano wa Porsche 934. Motoka zake nyingi huuzwa zikiwa vipande: mnunuzi anafungua boksi na kukuta mifuko ya skrubu, fremu za plastiki zenye vipande vya kukatwa, na kitabu cha picha kinachoonyesha hatua kwa hatua. Kazi ya kuunganisha huchukua jioni kadhaa. Faida yake ni kwamba aliyeifunga motoka kwa mkono wake anajua kila skrubu ilipo, na siku ikiharibika hatafuti wa kumfungulia. Kwa shule ya ufundi, au kwa kijana anayetaka kujifunza mitambo, hakuna somo bora kwa bei hiyo.

Tahadhari moja kuhusu Tamiya: boksi la vipande mara nyingi halina rimoti, sevo (mota ndogo ya kugeuza usukani), betri wala chaja. Picha ya nje inaonyesha motoka iliyokamilika, na maandishi madogo pembeni ndiyo yanayosema kilichomo. Msafiri aliyetumwa Nairobi au Dubai aelezwe jambo hilo mapema, la sivyo atarudi na motoka isiyotembea.

Traxxas ya jimbo la Texas, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1986, ilijijengea jina kwa kuuza motoka zilizokamilika: hutoka kwenye boksi zikiwa na mota, kidhibiti na rimoti, na mara nyingi betri pia. Za magurudumu mawili yanayosukuma, yaani Slash, Stampede na Rustler, zinagawana spea nyingi. Mota, kidhibiti cha mwendo, gia za ndani na beringi kadhaa za moja huingia kwenye nyingine. Hilo lina maana kubwa mahali ambapo spea ni shida: watu wawili wa mtaa mmoja wenye Slash na Stampede wana ghala moja la dharura. Stampede imeinuka juu zaidi, na kwa barabara za mawe za Kabare hiyo ndiyo yenye akili. Slash ni thabiti zaidi kwenye kona, ila tumbo lake liko karibu na ardhi. Huko Marekani motoka hizi huanzia zaidi ya dola 200, kabla ya usafiri na forodha.

WLtoys ya China inauza kwa bei ya chini zaidi, wakati mwingine nusu ya hiyo au pungufu. Motoka yake ya 144001, ya kipimo cha 1 kwa 14, ina mwendo mzuri na spea zake ni za bei ndogo. Kasoro zake mbili ni kwamba iko chini mno kwa njia yenye kokoto, na kwamba aina mpya hutokea mara kwa mara, kwa hiyo anayeinunua aagize spea siku hiyohiyo.

Kuna wengine. Kyosho ya Japani na Team Associated ya California zinaheshimiwa na wanaoshindana. RC10 ya Associated ya mwaka 1984 ilibadilisha namna motoka za mashindano zinavyoundwa. Axial inajulikana kwa motoka za kupanda mawe. Hata hivyo, kwa mwanzo kampuni tatu zilizotangulia zinatosha.

Mwinuko, vilima na potopoto

Mudaka iko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Jambo hili linaamua suala moja bila mjadala: injini ya naitro haifai. Injini hizo huunguza mchanganyiko wa methanoli, naitromethani na mafuta ya kulainisha, na kwenye mwinuko hupoteza nguvu kama injini nyingine yoyote isiyosaidiwa kuvuta hewa. Hurekebishwa kwa kupunguza mafuta kwenye kabureta, lakini nguvu iliyopotea hairudi. Isitoshe, mafuta yake ni kimiminika kinachowaka haraka, na kuyasafirisha kwa ndege ni tabu tupu. Motoka ya umeme haihitaji oksijeni. Kitu pekee ambacho hewa nyepesi huifanyia ni kuipooza mota polepole zaidi.

Hapo ndipo gia inapoingia. Motoka nyingi hutoka kiwandani zikiwa na gia iliyopangwa kwa uwanja tambarare. Kwenye vilima vya Kabare mota hubanwa, hupata moto, na betri huisha upesi. Tiba yake ni gia ndogo ya mota yenye meno pungufu kwa mawili au matatu. Mwendo wa juu hupungua kidogo, lakini motoka hupanda bila kulalamika. Kipimo rahisi ni cha kidole: baada ya dakika tano za kuendesha, mota iguswe. Ikiwa kidole hakiwezi kukaa juu yake hata kwa muda mfupi, gia ni kubwa mno au kuna kitu kinachokwaruza ndani.

Mota zenyewe ni za namna mbili. Ya brashi ni ya zamani, nafuu, na hujulikana kwa fundi yeyote aliyewahi kufungua mota ya feni ya gari: brashi za kaboni, komyuteta, sumaku. Isiyo na brashi ina nguvu zaidi na hudumu, lakini inataka kidhibiti chake maalumu, na kidhibiti hicho kikiungua ni nadra kutengenezeka. Kwa anayeanza, mota ya brashi ya ukubwa wa 540 au 550 inatosha kabisa. Ikichakaa, hununuliwa nyingine kwa bei ndogo, na ukubwa wa 540 ni wa kawaida duniani kote, kwa hiyo ya kampuni moja huingia kwenye motoka ya nyingine.

Udongo wa Kabare, mwekundu na wa kunata, ndio adui mkubwa. Mvua hunyesha karibu tangu Septemba hadi Mei, na miezi ya kiangazi ni Juni, Julai na Agosti. Kampuni kadhaa huandika kwamba vifaa vyao vya umeme havipenywi na maji, na kwa kipokezi na kidhibiti mara nyingi ni kweli. Lakini maneno hayo hayahusu beringi wala mota ya brashi. Potopoto huingia kwenye beringi ndogo ya milimita 5 kwa 11, hukauka humo, na siku ya tatu gurudumu linazunguka likilia. Baada ya kuendesha kwenye matope, kazi hufuata mpangilio huu: betri hutolewa kwanza, kisha matope hulainishwa kwa brashi ya kupaka rangi na maji kidogo, bila kumwagia mota. Motoka hukaushwa kivulini ikiwa imelazwa ubavu ili maji yatoke. Mwisho kila beringi hupewa tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja linatosha. Mafuta mengi hukusanya vumbi la kiangazi na kugeuka msasa.

Shokapu za motoka hizi hujazwa mafuta ya silikoni yenye uzito uliopimwa. Mafuta ya kupikia au ya injini ya pikipiki hayawekwi humo hata kama yanaonekana kufanana, kwa sababu huharibu pete za mpira, na shokapu huanza kuvuja. Chupa moja ya mililita 60 hudumu muda mrefu sana na inafaa kuagizwa pamoja na motoka.

Motoka ya polepole

Wengi hutaka motoka ya mbio. Pale Mudaka inafaa kufikiria kinyume. Motoka ya kupanda mawe, kama TRX-4 ambayo Traxxas iliitoa mwaka 2017, hutembea kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, lakini hupita kwenye mizizi, kingo za mfereji na mawe makubwa kuliko gurudumu lake. Betri moja huweza kuichukua zaidi ya saa moja, wakati motoka ya mbio huimaliza kwa dakika 15 hadi 25. Inapoanguka huanguka polepole, na kwa sababu hiyo haivunjiki mara nyingi. Uwanja wake ni kila mahali: nyuma ya nyumba, kando ya shamba la migomba, kwenye rundo la mawe ya ujenzi. Bei yake ni kubwa kuliko ya Stampede, hilo halifichiki, lakini gharama ya spea kwa mwaka ni ndogo zaidi.

Betri na umeme

Betri ni sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote. Ziko za aina mbili. Ya nikeli, yaani NiMH, ina seli sita za volti 1.2 na jumla ya volti 7.2. Ni nzito, hubeba umeme kidogo, lakini huvumilia kudondoshwa, kuishiwa kabisa na kusahaulika kabatini. Ya lithiamu ya polima, LiPo, yenye seli mbili, ina volti 7.4. Ni nyepesi na ina nguvu, na pia ndiyo inayoweza kuunguza nyumba.

Sheria za LiPo ni chache na hazina msamaha. Seli ikijaa hufika volti 4.2, na haishushwi chini ya volti 3. Kidhibiti kizuri hukata umeme chenyewe kabla ya hapo, mradi kimewekwa kwenye mpangilio wa LiPo. Ya kukaa muda mrefu huachwa ikiwa na volti 3.8 kwa kila seli, si ikiwa imejaa. Huchajiwa kwa kiwango kinacholingana na ujazo wake: betri ya miliampea 5,000 kwa ampea 5, ya miliampea 2,000 kwa ampea 2, kwa chaja inayosawazisha seli. Iliyovimba haichajiwi tena, hata kama bado inaendesha motoka. Na haichajiwi kitandani, mezani kwenye karatasi, wala wakati watu wamelala. Chungu cha udongo au sufuria ya zamani yenye mchanga, nje ya nyumba na chini ya paa la bati, ni mahali pazuri. Nyumba za mbao zilizobanana mitaani Bukavu zimeungua mara nyingi mno kwa sababu ndogo kuliko hii. Penye watoto, NiMH ndiyo ya kununua.

Umeme wa shirika la SNEL hukatika na kurudi kwa kishindo, na chaja ya kielektroniki haipendi kishindo hicho. Kiimarisha umeme kinachotumiwa kwa televisheni kinaifaa chaja pia. Njia bora zaidi, hata hivyo, ni sola. Chaja nyingi za motoka hupokea umeme wa moja kwa moja wa volti 11 hadi 18, kwa hiyo huunganishwa na betri ya sola ya volti 12 bila kupitia kigeuzi. Hesabu ni nyepesi: betri ya volti 7.4 na ampea-saa 5 ina wati-saa 37. Plake ya sola ya wati 50, siku yenye jua, huzalisha za kujaza betri kama hiyo mara mbili au tatu baada ya kuondoa kinachopotea njiani. Plake isiunganishwe moja kwa moja na chaja. Wingu likipita volti hushuka, na chaja huzima katikati ya kazi.

Kuagiza na kupitisha mpakani

Uwanja wa ndege wa Kavumu uko karibu na Mudaka, lakini uliingia katika mapigano Februari 2025 na kuutegemea kwa mizigo midogo hakuna maana. Njia ya kawaida ya vitu vya namna hii ni Kigali, kisha kwa barabara hadi Kamembe na kuvuka mto Rusizi. Mzigo huo hubebwa na ajansi za usafirishaji au na mtu anayesafiri. Njia ya pili ni kijana wa familia aliyeko Ubelgiji, Kanada au Dubai anayerudi likizo.

Msafiri wa ndege ana sheria moja ya kukumbuka. Betri ya lithiamu ya akiba hubebwa mkononi ndani ya ndege, haiwekwi kwenye sanduku linalokwenda chini, na isizidi wati-saa 100 bila ruhusa ya shirika. Betri ya wati-saa 37 iko salama ndani ya kiwango hicho. Ncha za waya zifunikwe kwa utepe, na kila betri iwe kwenye mfuko wake. Kwa posta na mizigo ya angani ni vigumu zaidi: betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kwenye ndege za abiria kama mizigo tangu 2016. Ndiyo maana wauzaji wengi hukataa kutuma betri. Inafaa kuagiza motoka bila betri na kumwachia betri msafiri.

Kwenye forodha, risiti ya ununuzi iwe karatasini, si kwenye simu tu. Motoka za redio huingia katika namba 9503 ya orodha ya ushuru ya kimataifa, pamoja na vifaa vya kuchezea na vielelezo vidogo. Ofisa wa forodha anayeonyeshwa namba hiyo na risiti ana kitu cha kushika. Anayeonyeshwa boksi lenye antena bila karatasi ana maswali. Spea ziagizwe katika mzigo uleule, kwa sababu usafiri na usumbufu wa mpakani havipungui kwa udogo wa mfuko. Mikono ya mbele miwili na ya nyuma miwili, gia kubwa moja na ndogo mbili, seti ya beringi, gia za akiba za sevo na nati za magurudumu: hivyo ndivyo vinavyovunjika kwanza.

Kinachotengenezeka Mudaka na Bukavu

Skrubu nyingi za motoka hizi ni za milimita 3, na nati ya gurudumu ni ya milimita 4; zote hupatikana kwa wauza vipuri vya pikipiki. Traxxas hutumia skrubu za shimo la pembesita, kwa hiyo ufunguo wa milimita 2 na wa 2.5 uwe mzuri, kwani wa bei rahisi hulainika na kuharibu kichwa cha skrubu. Za Tamiya ni za msalaba wa Kijapani, ambao hauna kina sawa na wa Ulaya. Bisibisi ya kawaida huteleza humo. Ikinolewa ncha kidogo kwenye jiwe, hukaa vizuri.

Kuungua kwa waya au plagi ni kazi ya fundi wa simu yeyote mwenye chuma cha kulehemu chenye nguvu. Kifaa cha wati 30 cha kulehemu saketi za simu hakitoshi waya nene za betri. Wati 60 zinafaa. Traxxas ina plagi yake ya betri isiyofanana na ya wengine. Wenye motoka za kampuni mbalimbali hufanya vyema kuchagua aina moja ya plagi na kuzibadilisha zote, ili betri zote ziingie kila mahali. Waya mmoja ukatwe na kulehemewa kabla ya kugusa wa pili: betri ya lithiamu iliyoshikanishwa chanya na hasi kwa bahati mbaya hutoa cheche za kutisha.

Mwili wa plastiki angavu, unaopasuka kwenye kona za magurudumu, hutibiwa kwa ndani: shashi ya hospitali hulazwa juu ya ufa na kupakwa gundi ya washona viatu tabaka mbili. Huwa na nguvu kuliko ulipokuwa mpya. Bampa, vilinda matope na bamba la tumbo hukatwa kutoka kwenye bidoni ya njano ya mafuta. Plastiki hiyo hupindika bila kuvunjika, hukatwa kwa kisu na hukunjwa kwa maji ya moto. Watoto wa Kabare, ambao hutengeneza motoka za waya na kukata magurudumu kutoka kambambili zilizochakaa, wanaijua plastiki hiyo kuliko muuzaji yeyote wa spea. Gia na mikono ya gurudumu, hata hivyo, haviigiki kwa bidoni. Hivyo hununuliwa.

Kuendesha

Rimoti huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho. Kinyume chake motoka inaweza kuondoka yenyewe. Redio za sasa hutumia gigahezi 2.4, zikiruka masafa zenyewe, na kwa hiyo motoka kadhaa huendeshwa pamoja bila kugongana mawimbi kama ilivyokuwa kwa redio za zamani za megahezi 27. Kabla ya matumizi ya kwanza, magurudumu huinuliwa kwa kuegemeza chasisi juu ya kopo, mota inazungushwa polepole, kisha rimoti huzimwa. Magurudumu lazima yasimame. Yasiposimama, mpangilio wa usalama haujawekwa na motoka haitolewi nje.

Barabara kuu inayopita Mudaka si uwanja. Ina malori, pikipiki, mbuzi na wanawake waliobeba mizigo ya soko. Viwanja vya shule baada ya masomo, kwa ruhusa ya mkuu, na viwanja vya mpira asubuhi vinatosha. Katika eneo lililopitia vita, chombo chenye antena kinachotembea chenyewe kinaweza kueleweka vibaya na mtu mwenye silaha. Kamera haifungwi juu yake, haiendeshwi karibu na vizuizi vya barabarani, kambi wala uwanja wa ndege, na mkuu wa mtaa huonyeshwa motoka kabla ya siku ya kwanza.

Kununua iliyotumika

Motoka iliyotumika ni njia nzuri ya kuanza, ikiwa inachunguzwa. Motoka huinuliwa na kila gurudumu huzungushwa kwa mkono na kutikiswa pande mbili; likichezacheza, beringi au pini yake imekwisha. Mfuniko wa gia hufunguliwa, na meno ya gia kubwa huangaliwa moja baada ya jingine. Mota hunuswa: harufu ya kuungua haifutiki. Usukani hugeuzwa ukiwa na umeme, na sevo inayotetemeka ikiwa katikati ina gia zilizopungua meno. Betri inayokuja na motoka ya mtumba huhesabiwa kuwa haina thamani yoyote, hata ikionekana mpya, na bei hupangwa bila hiyo. Mwisho huulizwa namba ya aina ya motoka, inayoandikwa kwenye kitabu au chini ya chasisi. Isipopatikana spea zake kwa namba hiyo mtandaoni, hainunuliwi kwa bei yoyote.